Mkono Ulioganda Hewani

Mafundi wawili walikuwa wameshapita katika nyumba ile kabla ya Inspekta. Wa kwanza alipima intaneti kwa simu yake, akasema inakimbia vizuri, akanywa chai, akaondoka. Wa pili alipoona kompyuta inatumia Linux alishika kiuno, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine, halafu akakumbuka ana kazi mahali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tatizo linatokea wakati gani.

Inspekta aliuliza kabla hajamaliza kuvua viatu.

"Linatokea wakati gani?"

"Nikiwa kazini," mwenye nyumba, mkalimani, alijibu. "Nikianza kazi tu, inakufa. Nikimaliza, inapona yenyewe. Mafundi wakija wanaikuta nzima, wananiona mimi ndiye mgonjwa."

"Na wewe unajionaje?"

"Naanza kukubaliana nao, Mama."

Inspekta alicheka, akavipanga viatu vyake kando ya mlango. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa ameshastaafu polisi, kitengo cha wizi wa mitandaoni. Cheo ndicho kilichokataa kustaafu. Mtaa mzima bado ulimwita Inspekta, hata wale aliowahi kuwafunga. Siku hizi alitengeneza kompyuta za watu majumbani, na kazi hiyo aliifanya kama ile ya kwanza: anahoji, anapima, anarudia kupima, na hana haraka ya kumshika mtu shati.

"Nisimulie tangu mwanzo," alisema. "Usiruke kitu eti kwa sababu unadhani hakina maana."

Mkalimani akasimulia. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kwa lugha ya alama. Alikaa nyumbani mbele ya kamera, daktari akazungumza kule hospitalini, na mgonjwa kiziwi akatazama mikono yake kwenye skrini. Alikuwa na wagonjwa kadhaa, lakini aliyemnyima raha ni mmoja: mjamzito, mimba yake ya kwanza, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye hakupata kusoma shule ya viziwi. Nusu ya alama zake alizibuni nyumbani kwao yeye na dada yake.

"Mtu akihitimu vyuo vyote vya lugha ya alama, bado hatamwelewa," mkalimani alisema. "Mimi mwenyewe nimejifunza kwake ujauzito mzima. Wiki iliyopita, Alhamisi saa tisa, daktari akamwambia mtoto amekaa vibaya, kichwa juu, lakini muda upo, anaweza kugeuka. Nikaanza kutafsiri. Nilipofika kwenye 'vibaya', picha ikaganda. Mkono wangu ukabaki hewani. Ilipofunguka, daktari alishaitwa kwa mgonjwa mwingine. Yule mjamzito akarudi kwao na 'vibaya' peke yake."

Alikunja ncha ya shati.

"Alilia siku nzima, Mama. Dada yake ndiye aliyenitumia ujumbe."

"Na leo?"

"Leo saa tisa wanampima tena. Mtoto kama amegeuka, atajifungua kawaida. Kama hajageuka, ni upasuaji, na inabidi aelezwe kila kitu. Mratibu wa hospitali ameniambia bila ubaya wowote: ikiganda tena leo, watatafuta mkalimani wa kukaa naye palepale. Wana haki. Lakini huyo mwingine hatamwelewa, na yeye hataelewa anachofanyiwa."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Asubuhi ilikuwa bado mbichi.

"Haya. Nipeleke kwa mtuhumiwa."

Chumba cha kazi kilikuwa chembamba, kilichopatikana kwa kukata sebule kwa ukuta wa mbao nyembamba. Mume wa mkalimani alikuwa seremala, na mkono wake ulionekana kila mahali: rafu, kiti, meza isiyo na msumari hata mmoja. Dirisha kubwa lilikuwa upande wa kulia. Kompyuta yenyewe ilisimama juu ya meza, mwisho wa kushoto, na mgongoni mwake antena mbili fupi zilielekea ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta huo, sebuleni, ruta inayorusha intaneti ilikaa juu ya kabati ikimeta taa zake za kijani.

"Ruta iko hapo, wewe uko hapa," Inspekta alisema. "Mtu akipiga chafya huko, hapa unamwambia afya. Kwa nini hamkuvuta waya?"

"Radi. Ilipiga mwaka jana, tundu la waya likaungua. Kompyuta ilipona. Ndiyo tukaweka kadi ya wifi."

Inspekta aliinama kutazama chini ya meza, magoti yakilalamika. Vumbi lilikuwa la kawaida, nyaya zilikuwa za kawaida. Lakini sakafuni, upande wa kushoto wa meza, aliona michubuko miwili iliyonyooka, mipya, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote. Kando ya mmoja palikuwa na kipande kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha. Alikiokota akakitia mfukoni. Hayo yalikuwa mazoea tu. Hata jikoni kwake alikuwa akiokota vitu hivyohivyo.

Kisha akavuta kiti, akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na mahojiano yakaanza.

Swali la kwanza kwa kompyuta lilikuwa jepesi: umeunganishwa na nani, na unamsikiaje? Aliandika amri ya *iw*, na mistari ikatokea. Aliugusa mmoja kwa ncha ya kalamu.

"Hii ndiyo nguvu ya mawimbi. Hasi hamsini na moja. Ihesabu kama kina cha kisima: namba ikizidi, unazidi kuzama. Hamsini na moja ni maji ya magotini. Ukifika themanini, tunatafuta wazamiaji."

"Kwa hiyo ni nzima."

"Sasa hivi ni nzima. Hata majambazi nimewakuta wengi wamelala vizuri mchana."

Swali la pili. Aliiagiza kompyuta ipige hodi kwenye ruta mfululizo, na kila hodi ionyeshe imeitikiwa baada ya muda gani. Namba zilishuka kwenye skrini: ndogo, ndogo, ndogo, kubwa sana, ndogo, ndogo, kubwa sana tena. Inspekta alisogeza miwani.

"Ahaa. Huyu anasinzia."

"Nani?"

"Kadi." Aliandika amri nyingine, na jibu likaja mstari mmoja tu: hali ya kuokoa umeme imewashwa. "Ikikosa kazi kidogo tu inafumba macho ili isile umeme. Kwa kompyuta ya kupakata ni sawa, ina betri. Hii imechomekwa ukutani. Inaokoa umeme wa nani?"

Aliizima tabia hiyo, kisha akafungua faili la mipangilio na kuiandika humo pia, ili kompyuta ikizimwa na kuwashwa isirudie usingizi wake. Akapiga hodi upya. Safari hii majibu yalikuja madogo yote, yamepangana sawasawa.

Mkalimani aliinua mikono yote miwili juu na kuitikisa hewani, vidole vimetawanyika.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Makofi. Viziwi hawasikii makofi yenu, wanayaona yetu. Umeiponya!"

"Shusha mikono," Inspekta alisema. "Tumemkamata mwizi wa kuku. Aliyeua bado yuko nje."

"Lakini si umeona?"

"Nimeona. Sasa fikiri na wewe. Kadi inasinzia ikikosa kazi. Tatizo lako linakuja lini?"

Mkalimani alifikiri. "Nikiwa na kazi."

"Ukiwa na kazi, video inaenda na kurudi, kadi haipati hata nafasi ya kupiga mwayo. Kusinzia ni kosa, na nimelirekodi. Ila si kosa lililougandisha mkono wako."

Wakati huo mlango ulifunguliwa, na mtuhumiwa wa pili akaingia mwenyewe kwa miguu yake. Alikuwa dada wa seremala, aliyeishi nao, amebeba magauni begani na simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo kwa matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, akizivaa moja baada ya nyingine na kuwataja wateja mmoja mmoja.

"Nimesikia kuna polisi," alisema. "Nikasema nije kabla sijafuatwa. Najua nasemwa. Humu ndani wifi ni mbili, moja ya kwenye kabati na moja mimi, na intaneti ikiharibika tunalaumiwa sote."

Mkalimani aliangalia dirishani. Inspekta akageuza kiti.

"Alhamisi iliyopita, saa tisa mchana, ulikuwa wapi?"

"Saluni. Nimekaa chini ya kikaushio."

"Una shahidi?"

"Nywele."

Inspekta alizitazama nywele. Ushahidi ulikuwa mzito na ulikuwa umesukwa vizuri. Hata hivyo hakuuacha hapo.

"Washa matangazo yako sasa hivi, hapohapo ulipo."

"Saa hizi nani ananunua gauni? Wateja wangu ni wa jioni, wakitoka kazini."

"Mimi nitanunua kwa macho tu. Washa."

Yule dada akawasha, akajipachika gauni la bluu juu ya alilovaa, akaanza kusalimia watu ambao hawakuwepo. Inspekta aligeukia namba zake. Hodi ziliitikiwa kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejibu huku anatafuna. Lakini nguvu ya mawimbi haikutikisika: hamsini na moja, hamsini na mbili, hamsini na moja. Kisha akafungua kumbukumbu za mfumo za Alhamisi ile. Zilisema jambo moja tu, tena kwa kifupi: kadi ilipotezana na ruta, ikarudi, ikapotezana tena. Sababu hazikutaja.

"Zima," alisema. "Umeachiwa huru."

"Hivihivi?"

"Hivihivi. Mtu akijaza njia, wenzake wanachelewa, ila wanafika. Siku ile kompyuta haikuchelewa, ilipotea njia kabisa. Wewe huwezi kumpoteza mtu, unaweza kumchosha tu."

Yule dada aligeuka kwa wifi yake akiwa ameshika kiuno, gauni la bluu likimning'inia shingoni.

"Kila Alhamisi 'wifi zima simu, wifi toka mtandaoni'. Miezi! Unasemaje sasa?"

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nimekusamehe. Lakini hili gauni utalivaa wewe kwenye matangazo ya jioni, halina mwili wa kulionyesha."

Walicheka wote watatu, lakini cheko la mkalimani liliisha mapema. Aliitazama saa. Inspekta naye aliitazama, kwa kuibia. Alikuwa amepitia pia mitandao ya majirani, isije ikawa wamesongamana njia moja, akakuta kila mtu amekaa mbali na mwenzake kwa adabu. Ruta haikuwa na kosa, kadi ilikuwa imeshaamshwa, jirani hana hatia, na wifi ana nywele. Alibakiwa na njia moja aliyoipenda kuliko zote enzi zake, ambayo vijana wa kitengo waliicheka kila mara mpaka ilipofanya kazi.

"Tunaigiza tukio," alisema. "Wewe fanya kazi."

"Kazi gani, Mama? Saa tisa bado."

"Jifanye imefika. Kila unachofanya kabla ya kukaa kwenye hiki kiti, kifanye, kwa mpangilio uleule. Mimi usinione, mimi ni ukuta."

Aliandika amri ya kuonyesha nguvu ya mawimbi upya kila sekunde, akasogeza kiti chake kando ili aione skrini bila kuzuia njia.

Mkalimani alitoka, akarudi amevaa shati jeusi lisilo na maua wala maandishi, ili mikono ionekane. Alivua pete na saa, akaviweka rafuni. Namba ilikuwa hamsini na moja. Akabana nywele. Hamsini na moja. Akafunga mlango wa mbao. Hamsini na tatu, na Inspekta akausamehe mlango. Akafungua pazia lote. Akawasha kamera. Hakuna kilichobadilika. Kisha akatoka tena, akakawia kidogo, akarudi akiingia kinyumenyume kwa uangalifu, amekumbatia kitu kikubwa kinachong'aa.

Kilikuwa ubao wa pande mbili uliounganishwa kwa bawaba, unaofika kifuani mwa mtu, umebandikwa foili ya jikoni kuanzia juu mpaka chini bila kukunjamana. Mkalimani aliusimamisha upande wa kushoto wa meza. Miguu ya ubao ilikaa sawasawa juu ya ile michubuko miwili ya sakafuni. Akaufungua kama kitabu, upande mmoja ukapita kando ya kompyuta na wa pili ukaizunguka mgongoni, na mwanga wa dirishani ukarudi kutoka kwenye ubao na kuijaza mikono yake yote miwili.

Namba ilisema hamsini na tisa. Ikasema sabini. Sabini na nane. Themanini na tatu. Halafu mistari ikafutika, na kompyuta ikaandika kwa utulivu kwamba haijaunganishwa na mtu yeyote.

Inspekta hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hicho ni nini?"

"Hiki?" Mkalimani alikigeukia, na uso wake ukalainika. "Cha mwanga. Dirisha liko kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto unakaa kivulini. Viziwi wanasoma vidole, Mama. Kidole kikiwa gizani, neno linageuka lingine. Mume wangu akanitengenezea hiki, zawadi."

"Lini?"

"Ina kama miezi miwili."

"Na mkono ulianza kuganda lini?"

Mkalimani alihesabu wiki kwa vidole. Taratibu akaketi kwenye kiti chake cha kazi.

"Nilikwambia usiruke kitu," Inspekta alisema, bila ukali.

"Lakini ni ubao, Mama. Nani anahesabu ubao?"

"Mafundi walipokuja, huo ubao ulikuwa wapi?"

"Chumbani, nyuma ya mlango. Nikimaliza kazi nauondoa, hapa pembamba. Halafu wifi anasema unafanana na mlango wa friji."

"Unafanana!" sauti ilijibu kutoka sebuleni.

Inspekta alitoa mfukoni kile kipande kinachong'aa. Chini kabisa ya ubao, kwenye pembe, foili ilikuwa imechanika. Alikiweka pale kwa kidole, kikaenea. Wala hakuhitaji ushahidi huo, lakini ulimfurahisha, na hakuona sababu ya kujinyima.

"Mawimbi ya wifi ni ndugu wa damu wa mwanga," alieleza. "Tofauti yao ni kwamba huyu jicho halimwoni. Foili inamrudisha mwanga, na ndugu yake inamrudisha vilevile. Ukuta wa mbao anapita kama mlango wazi. Hapa amegonga mwamba. Umeifunga kompyuta kama samaki wa kuchoma."

Waliutoa ubao: hamsini na mbili. Wakaurudisha: mistari ikafutika. Wakautoa, wakaurudisha, wakautoa. Mara moja ni bahati, Inspekta alisema, na bahati haijawahi kupeleka mtu mahakamani.

Lakini furaha ambayo angetarajia kuiona usoni mwa mkalimani haikuwepo. Alikuwa ameshika pembe ya ubao kwa vidole viwili.

"Mama, nakuomba kitu. Usimwambie mume wangu."

"Eti?"

"Jumapili zake zote za mapumziko alizimalizia hapa. Alibandika hii foili kwa kijiko, ukingo kwa ukingo, isiwe na kikunjo. Akijua kwamba yule mjamzito alilia kwa sababu ya... Mwambie ni Linux. Linux haitajali."

"Linux haina wakili," Inspekta alisema, "lakini sitaisingizia."

"Kuisingizia nini?"

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kula chakula cha mchana, unga wa mbao umemkaa kwenye nyusi. Alimtazama mke wake, akamtazama mgeni, kisha akauona ubao na akatabasamu kwa fahari.

"Karibu kiti, fundi," Inspekta alisema. "Hii ni kazi ya mikono yako?"

"Yangu. Bawaba hizo ukizitafuta dukani huzipati."

"Nimeziona, ni nzuri. Swali langu ni la rangi. Nyeupe isingetosha kurudisha mwanga?"

"Ingetosha. Na kopo la nyeupe nilikuwa nalo." Alijikuna shingo. "Nikaona mke wangu anastahili kinachong'aa."

Mkalimani aliziba uso kwa mikono. Inspekta, aliyesikia maungamo mengi maishani mwake, alikohoa kidogo na kuangalia pembeni kabla ya kuendelea.

"Chukua ubao wako. Uweke pale unapokaa siku zote, halafu soma hii namba mwenyewe."

Seremala akauweka. Akasoma. Akautoa, akasoma. Akauweka tena, taratibu, kama anayepima mlango usiofunga, akasoma mpaka mistari ilipofutika. Kisha akakaa sakafuni palepale, akaanza kucheka, na akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga wa mbao mashavuni.

"Kwa hiyo nimemfungia mke wangu kwenye kopo!"

"Na umemfungia vizuri," Inspekta alisema. "Fundi mbovu angeacha upenyo."

Cheko likamwishia. "Na yule mama mjamzito? Alilia kwa ajili yangu?"

"Alilia kwa ajili ya neno lililokatika," mke wake alisema, akashuka kitini na kukaa sakafuni karibu naye. "Leo tutampelekea lote."

Tatizo lililobaki lilikuwa la mwanga. Bila ubao, mkono wa kushoto ulirudi kivulini. Seremala alijaribu kubandua foili, lakini gundi yake aliichagua ya kudumu, na rangi nyeupe isingekauka kabla ya saa tisa. Ni wifi mtu aliyeleta dawa: kitambaa cheupe kizito alichokuwa akitundika nyuma ya magauni yake. Wakakinyoosha upande wa kushoto. Mwanga ukarudi mikononi, laini kuliko ule wa foili. Namba ikasema hamsini na mbili, na haikutaka kusikia habari nyingine.

"Kitasimamia wapi?" mkalimani aliuliza. "Hakina mguu."

Wote watatu walimgeukia seremala.

"Hukumu yako hiyo, fundi," Inspekta alisema. "Inatumikiwa kwa kusimama."

Saa tisa ilipofika, seremala alikuwa amesimama kando ya meza, mikono juu, kitambaa kimeshuka mbele ya uso wake kiasi kwamba hakuona chochote isipokuwa weupe. Dada yake alikaa sebuleni, simu imezimwa kwa hiari yake mwenyewe na jambo hilo akiwa amelitangaza mara kadhaa. Inspekta alijibanza nyuma ya kamera, akiangalia kona ya skrini alikoiacha namba yake.

Picha ikafunguka. Yule mjamzito alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha hospitali, dada yake akimshika bega. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama daktari kabisa. Alitazama skrini tu, mikono ya mkalimani, kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Hamsini na mbili. Hamsini na tatu.

Sauti ya daktari ilisikika: alikuwa amempima mara mbili ili awe na uhakika, na angependa amweleze polepole. Mikono ya mkalimani ikaeleza polepole. Daktari akasema wiki iliyopita mtoto alikuwa amekaa vibaya, kichwa juu. Mkono mmoja wa mkalimani ukafanya ngumi, ukasimama juu ya kiganja cha pili. Ni ile alama iliyokuwa imeganda. Yule mjamzito akaacha kupumua, na Inspekta naye, ingawa hakuwa na sababu ya kitaalamu, akaacha.

"Amegeuka," daktari alisema. "Kichwa kiko chini. Utajifungua kawaida."

Ngumi ikaanza kuzunguka. Ilipinda polepole pembeni, ikapita, ikashuka, ikatulia kichwa chini ndani ya kiganja, na popote njiani haikukatika. Inspekta hakuitazama namba. Baadaye alikiri kwamba kwa dakika ile namba ingeweza kusema chochote.

Yule mjamzito aliirudia alama ile kwa mikono yake mwenyewe. Akaizungusha tena, kubwa zaidi, akimwonyesha dada yake, akimwonyesha daktari, akilionyesha tumbo lake mwenyewe. Kisha akaongeza alama za haraka, na mkalimani akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Anasema nini?" seremala alinong'ona nyuma ya kitambaa.

"Anasema mtoto naye alikuwa ameganda, sasa amefunguka."

"Naweza kushusha mikono?"

"Usishushe!" wote wawili walimjibu.

Daktari aliendelea na maelekezo: dalili za kuangalia, mahali pa kupiga simu, nani amsindikize. Yalikuwa marefu, na mikono ya mkalimani iliyapeleka yote. Mikono ya seremala ndiyo iliyoanza kushindwa. Ilitetemeka, kwanza kidogo, halafu sana, vidole vyake vikicheza juu ya ukingo wa kitambaa kwenye pembe ya picha.

Yule mjamzito aliviona. Alikunja uso, akaegemea skrini yake, akavitazama vile vidole viwili vitatu vinavyotikisika hewani. Uso wake ukafunguka: kwake hayo yalikuwa makofi. Akainua mikono yake yote miwili juu, vidole vimetawanyika, akaitikisa kwa nguvu zake zote, na dada yake akainua yake, na daktari, baada ya kusitasita, akainua yake pia.

"Kuna nini?" seremala aliuliza. "Mbona kimya?"

Mkalimani alijipangusa mashavu kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa bado kazini.

"Unapigiwa makofi, mume wangu," alisema. "Vumilia kidogo, bado hawajamaliza."